Kimeo cha Gervais

Treni ya kutoka Katumba ilikuwa imeshakaribia Mpanda, na Gervais, mtoto wa mama aliyekaa pembeni yangu, alikuwa anakohoa tu.

"Mkate kimeo, mama. Koo litapona," mzee mmoja akamwambia.

"Kaka yake tulimkata. Vijidudu vikapitia kwenye kidonda mpaka moyoni. Tulimzika."

"Pole. Ila mimi nimekatwa, wanangu wote wamekatwa, na tupo."

"Nyie mpo, baba. Daktari alisema ukoo wetu ndo tumezaliwa hivyo, vijidudu vinakimbilia moyo. Hata shangazi yangu alikufa hivyohivyo. Huyu nampeleka hospitali."

"Sasa kama ni ya ukoo, hospitali watakubadilishia ukoo?" Mzee akacheka kama mtu aliyeshinda bao. Mimi magonjwa ya kurithi nimeyasoma shuleni, nikaishia kuangalia dirishani.

"Watampa sindano ya kuua vijidudu. Ila mama mkwe anasema mwanangu aliuawa na damu yangu, sio kisu cha mkataji wake."

Treni ikasimama.

"Mama mkwe yule pale anatusubiri," mama akasema. "Kaja na mkataji."

Gervais akafunga mdomo, akajizuia hata kukohoa.