Nyumba Yangu ya Levolosi kwa Jina la Shemeji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu nikiwa mzima, ila kichwa bado kinazunguka.

Mimi ni Mama Elifuraha, mjane, mwenye hoteli ya chai pale sokoni Ngaramtoni. Mungu aliibariki hoteli, fedha ikabaki. Nikajenga nyumba ya vyumba vinne Levolosi, kule mjini, nipangishe. Kumbe Mwingereza anatoza kodi faida ya biashara! Mmoja akaniambia, "Fedha ikishakuwa nyumba haitozwi." Mwingine akasema, "Utatozwa hotelini, utatozwa na kwenye nyumba." Nimwamini nani? Hofu ikaniingia. Ndugu zangu, nikaiandikisha nyumba kwa jina la Elinami, mdogo wa marehemu mume wangu, bila kumwambia!

Siku moja Elinami akaja na barua mkononi.

"Shemeji, wanasema nina nyumba mjini! Nisipolipa kodi wanakamata ng'ombe wangu. Nyumba ipi, shemeji?"

Ng'ombe wenyewe wawili tu, na watoto wa Elinami wanategemea maziwa yao. Nikaingia kwenye migomba nikalia. "Bwana, nimejifunga mwenyewe, nifungue!" Moyoni likaja neno moja: Sema.

Kesho yake nikaenda naye ofisi ya kodi, nikasema yote. Nilitegemea pingu! Karani akamtafsiria Mzungu mkuu wa ofisi, kisha akanigeukia.

"Mama, faida ni faida, uile au uitumie kujenga. Utailipia. Na kodi unayopokea kwa wapangaji nayo inatozwa kodi."

"Kodi inatozwa kodi?"

"Ndiyo. Ila ukiziba paa linalovuja, gharama hiyo tunaiondoa kwanza. Ukiongeza chumba, hatuiondoi."

"Na bati la paa na la chumba ni lile lile?"

"Ni lile lile, mama."

Ndugu zangu, sikuelewa! Hata leo sijaelewa! Lakini jina la Elinami lilifutwa, ng'ombe wake wakabaki, nami nikapewa nafasi ya kulipa kidogo kidogo.

Njiani kurudi, tulipofika Daraja Mbili, Elinami akasimama.

"Shemeji, ungeniuliza tu," akasema, akanipokea kikapu.

Haleluya! Wewe uliyejificha nyuma ya jina la mwenzako, usingoje mpaka uelewe kila kitu ndipo umwendee Bwana. Mwendee hivyo hivyo, umechanganyikiwa. Mimi hakunifukuza.