Viti Vinne vya Mwalimu Mkanda

Ndugu wafiwa, majirani, walimu na wanafunzi wa chuo cha urubani, familia imemtuma mdogo wake marehemu awasomee maisha ya kaka yake, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Mkanda, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa karibu naye, iwe kwenye ndege, kwenye gari au hata kwenye kiti cha kinyozi, bila kuulizwa, "Mkanda?"

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa dereva wa greda na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na uwanja mdogo wa ndege, ambako mama alilalamika kila siku kwamba vumbi la ndege linamchafulia nguo za wateja kwenye kamba, huku mwanawe akilisubiri vumbi hilo hilo kwa hamu, mpaka baba akasema, huyu kazaliwa akiangalia juu, siku moja tutamtafuta.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, na sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, ambako alifaulu hesabu vizuri sana na mengine tuyaache kama yalivyo. Mwaka 1971 aliajiriwa uwanjani kujaza mafuta, akauburuta mpira wa mafuta kwa miaka mitatu, kisha mwaka 1974 akapata nafasi katika chuo cha urubani, akahitimu tarehe 20 Agosti 1976, na mwaka 1980 akawa mwalimu, kazi aliyoifanya mpaka afya ilipomkatalia.

Kazi hiyo ina upweke wake, na leo si siku ya kuuficha, kwani mwanafunzi akishaiva, mwalimu hufungua mlango, hushuka, na kubaki amesimama kwenye majani akimwangalia anaruka peke yake. Wengi wa wanafunzi wake walikwenda kurusha ndege kubwa zenye abiria mamia, wachache wakampigia simu, wengi hawakumpigia, naye hakuwalaumu, ingawa simu ilipolia aliikimbilia.

Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, shemeji yetu huyu aliyeketi mbele, mwanamke asiyeogopa nyoka wala mwizi, ila anaogopa ngazi ya kubadilishia balbu. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1984, ambaye nyumbani tunamwita Dada, na mvulana aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye tunamwita Babu kwa kuwa alipewa jina la babu yake.

Mwaka 1996 chuo kiliuza ndege yake moja kuukuu, ya injini moja na viti vinne, ile ile aliyojifunzia, na marehemu akainunua bila kumwambia mtu, akaingia jikoni na funguo mkononi, akasema, "Mke wangu, hesabu mwenyewe, viti vinne, na sisi tuko wanne," naye shemeji, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, akamjibu, "Ungenunua kiwanja ningekuelewa."

Hata hivyo alikubali, na Jumapili ya tarehe 15 Desemba mwaka huo walikwenda uwanjani wote wanne wamevaa nguo za kutokea, wakapanda, wakafunga mikanda, lakini injini ilipowaka na ndege kuanza kutetemeka, shemeji akaomba kushuka, na watoto walipomwona mama yao analia wakaangua kilio na wao. Marehemu akazima injini, akawashusha mmoja mmoja, akasema, "Hakuna neno, tutaruka siku nyingine." Siku hiyo haikufika, maana shule za bweni zilifuata, kisha vyuo, kisha kazi za mbali, Dada akaolewa nchi nyingine, Babu akawa wa kupiga simu sikukuu hadi sikukuu, na kila walipopiga, baba yao alimalizia kwa maneno yale yale, kwamba ndege ipo.

Liko jambo ambalo watoto hawa hawakulijua mpaka jana, tulipoambiwa na fundi wake wa ndege. Mwalimu na mwanafunzi wakikaa mbele, na nyuma pakiwa patupu, ndege hiyo, ambayo aliendelea kuifundishia, huwa nzito puani wakati wa kutua, kwa hiyo walimu wengine huweka mifuko ya mchanga sehemu ya mizigo, lakini marehemu aliweka madumu mawili ya maji kwenye viti vya nyuma, la njano na la bluu, akayafunga mikanda, na kabla ya kuruka aligeuka akauliza, "Dada, mkanda? Babu, mkanda?" Mwanafunzi aliporuka peke yake mara ya kwanza, mwalimu alishuka, akainama mlangoni, akamwambia, "Nakuachia wanangu, uwarudishe salama." Wanafunzi walicheka, lakini fundi anasema hakuna aliyetua kwa pupa.

Mwezi Juni 2017 madaktari walimkuta na maradhi ya moyo, leseni ikasitishwa, na tangu hapo alikwenda banda la ndege kila asubuhi kuifuta vumbi na kukaa tu. Alilazwa tarehe 22 Januari 2024, na Jumanne ya tarehe 6 Februari, alfajiri, akatutoka, watoto wakiwa bado njiani.

Jana shemeji aliomba apelekwe bandani. Madumu yalikuwa mahali pake, yamejaa, yamefungwa mikanda. Dada alilifungua mkanda la njano, Babu la bluu, wakayashusha kwa mikono miwili, wakakaa wao, na mama yao akapanda mbele, kiti cha kulia, kile cha rubani akakiacha. Mdogo wake marehemu alibaki nje ya mlango na fundi. Walikaa hivyo, injini imezimwa, mpaka shemeji alipogeuka nyuma na kuwauliza wanawe, "Mkanda?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliomletea magazeti na maneno ya kumtoa upweke, walimu wenzake, fundi wake, na marubani wote mliokuja leo, hata mliokuwa mmepotea, maana angefurahi kuwaona kuliko mnavyodhani.

Kaka, watatu wamekwisha kaa, na mikanda imefungwa. Pumzika kwa amani.