Ushuhuda wa Loveness

Ndugu wafiwa, majirani na wanafunzi mliofika, naitwa Gibson, mjomba wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya Loveness Erasmus Silayo, kazi ambayo kwa umri ilipaswa aje anifanyie yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 2009 hapa Ukonga, mtoto wa pili wa shemeji yangu Erasmus na dada yangu Eliaichi, akaanza darasa la kwanza mwaka 2016, akamaliza la saba mwaka 2022, na hadi umauti unamkuta alikuwa kidato cha pili, hodari wa hesabu, mvivu wa kuosha vyombo.

Kazi hakuwahi kuajiriwa, ndoa hakufunga, watoto hakuacha, nimeshauriwa niviruke vipengele hivi nami nimekataa, acha visomwe vikiwa vitupu.

Kuhusu ugonjwa, nimeombwa niseme aliugua ghafla. Hakuugua ghafla. Aligundulika na kisukari mwaka 2020, akafundishwa kujichoma insulini mwenyewe, akawa anajichoma, anasoma, anacheza netiboli, anaishi, hadi Jumapili tarehe 8 Septemba 2024, alipoitwa mbele katika kanisa wanalosali wazazi wake, akaombewa, akapewa kipaza sauti atoe ushuhuda kwamba amepona, kwa sababu pale ushuhuda hutangulia na uponyaji hufuata, watu wazima wakamshangilia, na tangu hapo akaamini kwamba akijichoma atakuwa amemfanya Mungu mwongo. Muuguzi alimfuata nyumbani, mtoto akamjibu kwamba hataki, na wazee wa kanisa waliojaa sebuleni wakasema, mmesikia wenyewe, ni uamuzi wake. Uamuzi wa mtoto wa miaka kumi na mitano, ambaye hata kwenda Kariakoo peke yake alikuwa haruhusiwi!

Ijumaa alasiri, akihema kwa shida, alimwambia mama yake, "Mama, nichome tu, nitatubu nikipata nafuu." Dada yangu, nakupenda, lakini ulimwambia asubiri umuulize mchungaji, na mchungaji alikuwa kwenye maombi, simu amezima. Loveness alifariki Jumamosi tarehe 14 Septemba, saa mbili asubuhi, ndani ya bajaji, kabla hatujafika hospitali.

Tunawashukuru madaktari waliomtunza miaka minne, muuguzi aliyefunga safari hadi nyumbani, walimu wake, na majirani waliopika tangu jana. Kanisa limeleta maturubai na viti, tumeviona.

Loveness, mjomba wako nasema mbele ya watu wote hawa, huna la kutubu. Pumzika kwa amani.