Mzee Sylvester Mniko Kisiri (1951–2025), Fundi wa Kukereza Aliyerusha Roketi ya Mti Nyamwaga

Mzee Sylvester Mniko Kisiri, ambaye leo tumemsindikiza hapa nyumbani kwake Nyamwaga, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951 kijijini Nyanungu. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Kisiri, mfugaji. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa wiki ambayo familia ilikuwa inahamisha ng'ombe, na kwamba kwa muda wa siku mbili hakuna aliyekumbuka kumpa jina. Alibatizwa Sylvester mwaka 1959, akiwa na umri wa kutosha kumwuliza padre kama maji yale yalikuwa ya kisima au ya mto.

Elimu ya msingi aliipata hukohuko Nyanungu kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, alipomaliza darasa la saba. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho darasani, lakini kwa kuchonga pia, zile za kuchezea za kuzungusha kwa kamba, hakuwa na mpinzani. Aliwachongea wenzake kwa kisu, na pia zake zilizunguka muda mrefu kuliko za wengine wote. Siku moja mwalimu alimnyang'anya pia kumi na nne kwa mpigo. Kesho yake akamwita ofisini. Sylvester akaenda amevaa kaptula mbili, tayari kwa viboko. Mwalimu akamwambia kwa sauti ya chini, "Ile nyekundu mtoto wangu ameipoteza. Nichongee nyingine."

Mwaka 1971 alikwenda Musoma kujifunza useremala katika karakana ya misheni, na huko ndiko alikoiona kwa mara ya kwanza mashine ya kukereza. Kwa wasioijua, ni mashine inayoshika kipande cha mti na kukizungusha kwa kasi, fundi naye analaza patasi juu yake mpaka mti unakuwa mviringo. Mzee mwenyewe alisema siku ile alisahau kula. Aliporudi mwaka 1976 na kufungua karakana hapa Nyamwaga, hakuwa na uwezo wa kununua mashine, kwa hiyo akajitengenezea ya kwake ya kukanyaga kwa mguu, akitumia gurudumu la mashine mbovu ya kusaga mahindi. Umeme ulipofika aliifungia mota. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikereza miguu ya vitanda na viti, vigoda, fimbo za wazee, miti ya kusukumia chapati, na nguzo za madhabahu ya kigango chetu. Wengi mlioko hapa mtalala leo juu ya miguu yake.

Tarehe 18 Novemba 1978 alifunga ndoa na Teresia Ghati wa Genkuru. Siku ya kupeleka ng'ombe ukweni, alibeba pia kigoda cha mti mmoja kisichokuwa na msumari wala gundi. Baba mkwe alikipindua, akakipapasa chini, akakipindua tena.

"Ng'ombe nimewaona," akasema. "Sasa niambie, mura, hiki umekiunga wapi?"

"Sijakiunga, mzee. Kilikuwa humo ndani ya gogo. Nimetoa tu kilichozidi."

Baba mkwe akakikalia, na siku ile hakusimama tena mpaka wageni walipoondoka. Mungu aliwajalia Mzee na Mama Teresia watoto sita. Mmoja alitangulia akiwa mchanga.

Mwezi Septemba 2019 Mzee alipatwa na kiharusi. Alipona, lakini mkono wa kushoto ulibaki mzito. Wakati huohuo vitanda vya chuma vilikuwa vimejaa madukani, na wateja walikuwa wamepungua. Mashine ikakaa miaka miwili imefunikwa turubai. Felista, binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, ni muuguzi Musoma. Aliona hatari ya mkono dhaifu karibu na mti unaozunguka, na ndiye aliyetafuta mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Sirari, Bwana Oduol. Mzee hakubisha. Alisema tu, "Sawa," akaingia ndani. Mama Teresia alisema ile "sawa" ilimkosesha hamu ya kula. Ikapangwa kwamba Bwana Oduol aje na pikapu siku ya Jumamosi, mwishoni mwa Januari 2022.

Jumanne ya wiki ileile alifika Mwalimu Eunice Akinyi, anayefundisha fizikia katika sekondari ya hapa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kuomba unitengenezee pua."

Mzee akamtazama vizuri usoni. "Pua ya nani?"

"Ya roketi."

Mwalimu akamweleza. Wanafunzi wake walikuwa wanatengeneza roketi kwa chupa ya soda. Unatia maji kidogo, unafunga kizibo, unajaza hewa kwa pampu ya baiskeli. Kizibo kikiachia, maji yanafyatuka kwa nyuma na chupa inaruka. Lakini pua walizotengeneza kwa karatasi ngumu zililowa na kujikunja, na roketi zikawa zinapinda kabla ya kufika juu ya bati. Alitaka pua ya mti iliyochongoka vizuri, na nyepesi, isizidi uzito wa yai.

"Hiyo ni ncha ya mguu wa kitanda," Mzee akasema. "Njoo Alhamisi."

Mwalimu alipoondoka, Mzee alitoa turubai. Pua ya kwanza ilikuwa na uzito wa mayai manne. Iliruka kidogo, ikashuka ikatoboa bati la jiko la shule. Ya pili aliikereza nyembamba mno, ikapasuka mashineni. Kufikia Ijumaa alimpigia simu Bwana Oduol kuomba wiki moja zaidi. Wiki ile ilipokwisha akaomba nyingine. Bwana Oduol alikuja na pikapu yake mara sita, na mara zote sita alirudi Sirari bila mashine. Safari moja aliondoka na kigoda, nyingine na mti wa chapati wa kumpelekea mkewe.

Pua ilipokubali, Mzee hakuridhika. Aliona aibu kuiweka pua nzuri vile juu ya chupa ya plastiki. Akataka mwili wote uwe wa mti, chupa ikae ndani. Mwalimu Eunice akamwambia haiwezekani, mti ni mzito. Kumwambia Mzee Sylvester kwamba haiwezekani ilikuwa ni sawa na kumpa oda. Alichukua kipande cha mgrivea kilichokauka vizuri, akakipasua kwa urefu, akagundisha vipande viwili pamoja na karatasi katikati, akakikereza nje. Kisha akaingiza patasi kwenye ile karatasi, vipande vikaachana, akavikwangua ndani kimoja kimoja mpaka ukikiinua juani unaona kivuli cha vidole vyako kwa upande wa pili. Akaviunga tena, chupa ikiwa ndani. Hakupaka rangi, kwa sababu rangi ina uzito. Alisugua nta ya nyuki, tena kwa uchoyo.

Mkono wa kushoto haukuweza kushika patasi sawasawa. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Teresia aliufunga juu ya mpini kwa kipande cha kitenge, akamfungua saa ya chai, akamfunga tena. Felista hakuwa ameambiwa. Alipokuja likizo mwezi Aprili, alimkuta baba yake amefungwa mkono kwenye patasi, mashine inanguruma, na nywele zake zote ni vumbi la mti. Alizima umeme kwanza.

"Tata! Unataka kufa?"

"Daktari alisema nifanyie mkono mazoezi."

"Alisema ubonyeze mpira!"

"Mpira nimeubonyeza miaka miwili, Felista. Hakikutoka kitu."

Felista alimgeukia mama yake, akitegemea msaada. Mama Teresia alikuwa ameshika kile kitenge. Akasema, "Mwanangu, huyu mtu alikuwa anakaa pale mlangoni kuanzia asubuhi mpaka jioni, anatazama barabara. Sasa anagombana na mti. Mwache agombane." Felista aliuchunguza ule mkono kama muuguzi, kidole kwa kidole. Vidole viwili ambavyo havikuwa vinafunga sasa vilikuwa vinafunga. Akawasha umeme. Lakini alimnunulia miwani ya kukinga macho, na akatoa amri mashine isiwashwe mtu akiwa peke yake.

Habari zilienea kwamba Mzee Sylvester anatengeneza bomu. Mtendaji wa kijiji akaja na mgambo wawili, wakamkuta ameshika kitu kirefu kilichochongoka.

"Mzee, hiki kinalipuka?"

"Kinakunywa maji," Mzee akajibu, akaenda nao uani akaonyesha. Mtendaji aliondoka amelowa hadi kwenye soksi, akasema hana pingamizi.

Siku ya wazazi shuleni ilikuwa Ijumaa tarehe 17 Juni 2022. Mzee alivaa suti yake ya harusi. Felista aliomba ruhusa kazini. Bwana Oduol naye alikuwepo, maana aliambiwa kwamba baada ya shughuli ile, mashine ni yake kweli. Mzee alikuwa amempa neno na alikusudia kulitimiza.

Jaribio la kwanza, roketi ililala chini ikakimbia kwenye majani kama sungura, na maji yakampata mgeni rasmi kifuani. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee hakucheka. Aliiendea, akaikuta bawa moja limelegea. Akaomba dakika ishirini na gundi. Mwalimu Eunice akamwambia kwa upole kwamba ratiba imebana na kwamba hakuna aibu yoyote. Mgeni rasmi, huku akijikamua tai, akasema, "Mimi nimeshalowa. Sasa nataka kuiona ikiruka." Mzee akaunga bawa, akalishikilia kwa mkono wake wa kushoto mpaka gundi ikashika.

Jaribio la pili, mwanafunzi alipampu, kizibo kikaachia, na roketi ikaondoka. Ikapita bati la darasa. Ikapita migrivea. Mzee aliinua uso, jua likamwingia machoni, akaipoteza.

"Iko wapi?" akauliza. "Teresia, imeanguka wapi?"

"Haijaanguka," Mama Teresia akasema. "Bado inapanda."

"Bado?"

"Bado, Mniko. Bado inapanda."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka machozi yakamtoka, akapiga makofi kwa mikono yote miwili, wa kushoto ukichelewa kidogo. Roketi ilishukia kwenye migomba ya jirani, ikiwa nzima isipokuwa mkwaruzo mmoja. Bwana Oduol alimpa Mzee mkono akamwambia, "Mimi chuma nitapata kwingine, Mzee. Hiyo yako bado inafanya kazi." Felista alikuwa amekwisha kuandaa maneno ya kumwomba asiichukue, na hakuyahitaji.

Tangu siku ile Mzee alikereza roketi kumi na moja, na karakana haikukosa watu. Felista mwenyewe alijifunza. Mti wake wa kwanza wa chapati ulipinda. Mzee akauzungusha mkononi, akasema chapati hazina macho, akampelekea mke wake autumie, naye anautumia hadi leo.

Mwezi Januari mwaka huu shinikizo la damu lilimsumbua tena, na figo zikaanza kushindwa. Alitibiwa Tarime, kisha Mwanza, na mwanzoni mwa Machi aliomba arudishwe nyumbani. Siku za mwisho alizungumza kidogo lakini vizuri. Alifariki dunia Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, Mama Teresia akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Marehemu ameacha mjane, Mama Teresia Ghati. Watoto watano, Felista, Godwin, Agustina, Heche na Scholastica. Wajukuu kumi na saba na vitukuu watatu. Na dada yake, Bibi Waisiko wa Nyanungu. Familia inawashukuru waganga na wauguzi, kigango, Mwalimu Eunice na shule yake, Bwana Oduol aliyekuja leo na pikapu kubeba viti vya msiba, na majirani wote.

Jumapili kabla hajatuacha, Mzee alimwita Felista akamwuliza nani atasoma wasifu wake. Felista akasema ni yeye. "Basi usiwachoshe watu," akamwambia. "Wa Nyanungu wana safari ndefu. Wasomee mpaka pale iliporuka, taja ndugu zako, halafu wape watu chakula."

Tata, imeruka, na ndugu wametajwa. Chakula kiko tayari. Mungu akupokee, upumzike kwa amani.