Kufuli la Tangi

Pantoni ilipoondoka Kigamboni, mzee Kondo alikuwa ameshaanza kumweleza fundi mmoja asiyemjua habari za pikapu yake kuukuu ya Pijo. Tabu, aliyekaa nyuma yao na beseni la mihogo, alisikiliza bila kualikwa.

"Ilikuwa inabugia petroli," alisema mzee. "Nikaamini Albano, dereva wangu wa miaka tisa, ananyonya mafuta anauza. Nikatia kufuli kwenye tangi. Asubuhi akaliona, akanikabidhi ufunguo wa gari, akarudi kwao Masasi."

"Breki umezitazama, mzee wangu? Zikibana tairi, gari lazima ile mafuta."

"Zilikuwa zinabana kweli. Siku hizi spea zipo, nimebadilisha mipira yake wiki iliyopita."

Tabu akasonya kimoyomoyo. Miaka tisa ya mtu imeshindwa na kipande cha mpira. Alishatayarisha la kumwambia mzee huyu wakishuka.

"Na sasa inakulaje?" fundi aliuliza.

Mzee akatazama maji. "Haijala hata tone. Mie sijui kuendesha."

Pantoni ikagusa ng'ambo. Tabu akajitwika beseni lake, akapita bila kusema kitu.