Fundi Nukta na Magoti ya Ukoo Wake

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kutushika mkono, baba tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkewe, na alipofika miaka minne vinundu vigumu vya mfupa vilimwota magotini na viwikoni, kama vya baba yake na vya bibi yake, nyumbani ikasemwa ni alama ya ukoo, haina dawa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akajifunza ushonaji kwa mjomba wake, na tarehe 2 Mei 1977 akafungua chumba cha cherehani mbili nyuma ya soko, ambako wateja walimwita Fundi Nukta kwa kuwa hakukosea kipimo, naye akiwatania kwamba vinundu vyake ni vifungo vilivyoshonwa mahali pasipo pake.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980, akajaliwa binti, anayewasomea maneno haya, na mdogo wake wa kiume.

Vinundu vilimwota binti pia, na alipotimiza miaka minane mguu wake wa kushoto ulianza kuachwa kwa urefu na wa kulia, ndipo baba, kwa mapenzi na kwa aibu, kila muhula akampunguzia pindo la sketi upande mmoja, likaning'inia sawasawa, hata walimu wakadhani anatembea kwa maringo, mpaka daktari wa mifupa alipomwona akiwa na miaka kumi na tisa, akasema angeletwa wakati mifupa inakua, mguu ungenyooshwa.

Tangu hapo kati ya baba na binti ilibaki shikamoo na marahaba, basi.

Januari 2023 kinundu kingine, kilichomwota baba nyongani, kiligeuka saratani, na wiki yake ya mwisho alimtuma mama kwa binti, aseme kwamba baba amekosa, anaomba msamaha, na mjukuu wake wa miaka sita apimwe magoti mapema, binti akampeleka mwanawe huyo Jumatano, vikaonekana vinundu, mtoto akapangiwa matibabu, binti akaahidi kumletea baba jibu Jumamosi, siku yake ya mapumziko kazini.

Baba alifariki Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomgeuza kitandani, na mafundi wenzake mliofunga kazi leo.

Baba, binti yako alikuwa amekusamehe tangu Jumatano.

Mungu akupumzishe kwa amani.