Mama Mbula Mutie, Aliyeogopa Mvua Imkute Hajapanda

Marehemu Mama Mbula alizaliwa tarehe 12 Aprili 1943 huko Kilungu, milimani, ambako mvua haina maringo. Alisoma hadi darasa la nne, akaacha ili kumsaidia mamake shambani.

Tarehe 4 Januari 1964 alifunga ndoa kanisani na Bwana Mutie Nzomo, akaja hapa Kanyangi. Oktoba yake ya kwanza alifanya kama kwao: akangoja udongo ulowe kwanza. Huku, jamani, tunapanda kwenye vumbi! Mvua ilipokuja, mbegu zake zilikuwa bado kibuyuni. Mahindi ya jirani yalikomaa, lakini mvua ya huku hukatika mapema, yake yakakauka yakitoa maua. Njaa iliingia nyumbani, na Juni 1965 kifungua mimba wake, Kavata, akafariki. Tangu hapo mama aliishi na hofu, na hakuificha.

Kazi yake ilikuwa ukulima. Agosti alizibua mitaro ya matuta, Septemba alibeba samadi, na Oktoba ikianza alikuwa ameinama, anafukia mbegu. Mwaka wa 1978 ngurumo ilisikika katikati ya mahubiri, naye hajamaliza kupanda kipande cha chini cha shamba. Akainuka.

“Mama Mbula, waenda wapi? Neno halijaisha!”

“Pasta, Neno litaningoja. Mvua haingoji.”

Kanisa zima lilicheka. Yeye hakucheka, alitoka mbio kuelekea shambani.

Mwaka huu wa 1995 moyo ulimsumbua, miguu ikavimba, akalazwa Kitui mwezi wa Septemba. Sote tulikuwa huko, shamba likabaki tupu. Alimshika mkono bintiye, Mutindi.

“Mmepanda?”

“Bado, mama.”

“Na nikifa, mtangoja mnizike kwanza?”

“Si ndiyo desturi, mama?”

“Desturi itawalisha? Naogopa, Mutindi. Pandeni.”

Alifariki Jumamosi, tarehe 7 Oktoba.

Wazee wa ukoo walisema wazi: matanga yakiwa nyumbani, jembe ni la kaburi tu, na atakayepanda ataita kifo kingine. Mutindi ana watoto wadogo. Aliogopa, nani asingeogopa? Lakini Jumatano mawingu yalifunga upande wa Makueni, naye akachukua jembe akashuka shambani akilia. Mzee Mutie alimtazama kutoka mlangoni. Kisha akaingia jikoni, akatungua kibuyu cha mbegu juu ya meko, akamfuata. Walipanda wawili mpaka jioni, na kesho yake wakamaliza. Wazee wetu mliokunja nyuso, tunawaomba radhi, lakini mbegu hizo hatutazifukua.

Ameacha mume, Mzee Mutie, watoto Mutindi, Musyoka na Ndinda, wajukuu saba, na dada yake, Kalunde, wa Kilungu.

Mama, mbegu ziko chini, zote, hata kipande cha chini. Usiogope tena. Pumzika kwa amani.